Kile Kisichotumika

Jumapili ile Florentine alijikuta bila mpango wowote. Alikuwa amenuia kwenda misa, kisha kumpikia mumewe, Bonaventure, mwashi kwenye shule mpya kule Fizi, ambaye kila Jumapili asubuhi alishuka mjini Baraka kwa lori la mawe. Lakini mvua ya usiku ilibeba daraja la mto Mutambala. Lori halikushuka. Padri naye alikwama ng'ambo. Asubuhi watu walikusanyika mbele ya kanisa, wakasali rozari moja, wakatawanyika huku wameinua nguo zao juu ya matope.

Akarudi nyumbani, akasimama katikati ya uwanja, mikono kiunoni. Siku nzima mbele yake, na hakuna wa kumpikia ila yule kikongwe.

Kikongwe alikuwa mama mkwe wake, Anastasie. Miaka miwili sasa alikuwa kitandani katika chumba cha nyuma, tangu alipoteleza mlimani na mzigo wa kuni, nyonga ikavunjika. Magoti yalijikunja hadi karibu na kidevu, yakagoma kunyooka. Kilichobaki kizima ni kinywa. Na kinywa kile hakikuwahi kumwita Florentine kwa jina lake. Kilimwita mugumba, kwa sababu miaka saba ya ndoa haikuleta mtoto. Kilimwita hivyo mbele ya wageni, mbele ya katekista, mbele ya wanawake waliokuja kuazima chumvi.

Florentine naye alikuwa na njia zake za kulipiza. Maji yakiombwa asubuhi, aliyapeleka jua likiwa utosini. Kikongwe alizoea kugonga ukuta kwa kopo la bati kila alipohitaji kitu. Siku iliyotangulia, Jumamosi, Florentine aliingia, akalichukua kopo, akalipeleka jikoni. Alipotoka alijisikia vizuri. Hilo ndilo lililomtisha kidogo, kwamba alijisikia vizuri.

Basi, kwa kukosa kazi, akaanza kuikagua nyumba. Mlango wa mbele ulikwaruza chini. Kiti cha Bonaventure kilikuwa na mguu mmoja unaocheza. Sufuria kubwa ilivuja. Taa ilitoa moshi kuliko mwanga. Akaenda kwa jirani yake Saumu, mke wa mvuvi, Mwislamu aliyezaliwa palepale ufukweni, akaazima nyundo.

"Leo njo siku ya Mungu yenu," Saumu akamwambia. "Unaenda kugonga nini?"

"Padri hakuvuka mto, dada. Labda Mungu pia hakuvuka."

Saumu hakucheka. Alimpa nyundo.

Hadi saa nane mchana Florentine alikuwa ameuharibu mlango kuliko alivyoukuta, na kidole gumba kimevimba. Mawingu yalirudi kutoka upande wa ziwa. Akakaa kizingitini, akikinyonya kidole. Nyuma ya ukuta, kikongwe alikuwa akikwaruza udongo kwa kucha, kwa kuwa kopo halikuwapo.

Kwaru... kwaru... kwaru...

"Mama, kuko kitu ya kutengeneza?"

Hakuwa amesikia hatua. Mbele yake alisimama mtu mfupi, koti la kaki limefungwa vifungo hadi shingoni, kikapu cha vyombo vya ufundi mgongoni. Uso wake ulikuwa wa kawaida mno; baadaye Florentine alijaribu sana kuukumbuka, akashindwa. Alichokumbuka ni viatu. Barabara nzima ilikuwa tope la kufika kwenye vifundo vya miguu, na viatu vya mtu yule vilikuwa vikavu.

"Unatoka wapi, fundi?"

"Juu."

Florentine alidhani anasema Fizi. Akamwonyesha mlango.

Fundi akaweka kikapu chini. Alipapasa mbao kama mtu anayetafuta mahali panapouma, akapiga msumari mmoja tu, na mlango ukazunguka kimya. Akageukia kiti. Akageukia sufuria, akawasha makaa uwanjani, akapasha chuma, akaziba tundu. Ikatoka harufu ya chuma cha moto, na chini yake harufu nyingine... kama nywele zinazoungua. Florentine alimletea maji ya kunywa. Hakuyagusa. Taa aliipuliza tu kwa mdomo, akaiwasha, na mwanga ukasimama mweupe, hautikisiki.

Jua lilikuwa linaingia milimani. Fundi akafunga vyombo vyake.

"Nikulipe nini?" Florentine akauliza. "Bwana yangu hakufika. Niko na mihogo, niko na samaki ndagala."

"Sitaki vile, mama. Mi nabeba tu kitu yenye hamutumikishe tena."

"Kitu gani?"

"Kila nyumba iko na kimoja."

Wakati uleule, nyuma ya ukuta, kikongwe akakohoa.

Florentine aligeuza macho upande wa chumba cha nyuma. Hakukusudia. Lakini alipoyarudisha, aliona kwamba fundi ameyafuata macho yake hadi kule, na kwamba sasa anamtazama yeye, kwa utulivu, kama mtu aliyeuliza bei akatajiwa.

"Ile?" fundi akanong'ona.

Angeweza kusema hapana. Neno lenyewe ni dogo, hata mtoto anaweza kulisema. Badala yake aliinama, akaanza kuokota vipande vya mbao chini.

"Mi sijui," akasema. "We mwenyewe utaona yenye utabeba. Mi naenda kurudisha nyundo ya jirani."

Akatoka. Hakukimbia. Alikwenda mwendo wa mtu mwenye shughuli.

Saumu alikuwa anakaanga karanga jikoni kwake. Florentine akampa nyundo, akashukuru, na badala ya kuondoka akavuta kigoda, akakaa. Akaanza kuzungumza. Alizungumzia daraja, bei ya unga, kitenge alichokiona dukani. Saumu alimtazama kwa mshangao, maana Florentine hakuwa mwanamke wa maneno mengi. Akamwekea karanga kwenye sahani. Florentine akala.

Kisha akasikia nyundo.

Ngo.

Kimya.

Ngo.

"Unasikia?" akauliza.

"Nini?"

"Nyundo."

"Nyundo gani, mudogo wangu? Nyundo iko hapa. Umenirudishia sasa hivi."

Ngo.

Halafu ikaja sauti, na hiyo Saumu aliisikia. Ilikuwa sauti ya Anastasie, lakini bila ile sumu yake ya siku zote. Nyembamba. Karibu kama ya mtoto.

"Florentine..."

Miaka saba. Ilikuwa mara ya kwanza.

"Florentine, mutoto yangu... kuya..."

Saumu akaweka mwiko chini. "Mama yako anakuita."

"Ananiita kila siku."

"Leo anaita vingine."

"Niongezee karanga, dada."

Saumu hakuongeza. Sahani ilikuwa na chache bado, na Florentine akazila, moja moja, akizitafuna polepole. Sauti iliita mara ya tatu. Ikaita mara ya nne, chini zaidi, kama mtu aliyefunikwa nguo. Kisha ikanyamaza. Florentine alitafuna ya mwisho, akafuta mikono kwenye kitenge, akaaga.

Uwanjani hapakuwa na mtu. Makaa yalikuwa yamezimika, na kwenye tope kulikuwa na nyayo za kwenda na kurudi, nyingi, zote za Florentine mwenyewe. Mlango ulifunguka bila sauti. Akaichukua taa, akaenda chumba cha nyuma. Ile harufu ilimpokea kabla hajafika... chuma cha moto, nywele.

Anastasie alikuwa amelala chali.

Amenyooka.

Miguu iliyojikunja miaka miwili ilikuwa sawa kama mbao iliyopigwa randa. Mikono ubavuni. Macho wazi. Florentine alimgusa bega, na bega likasogea kirahisi mno, kama kikapu kitupu. Ndipo akapiga yowe, na majirani wakaja.

Bonaventure alivuka mto kwa mtumbwi Jumatatu, akafika kwa miguu. Alimlilia mama yake kama wanaume wanavyolia, kwa kugeukia ukuta. Mazishi yalifanyika siku ileile. Wanaume wanne walioinua jeneza walitazamana. Mmoja akauliza kwa sauti ya chini kama kweli kuna mtu ndani, na Bonaventure akamwambia anyamaze. Mmoja wa wanawake waliomwosha marehemu hakurudi tena nyumba ile, hata kuazima chumvi.

Usiku wa matanga Saumu alimvuta Florentine pembeni.

"Jumapili, mbele ya kuniletea nyundo, nilichungulia kwa ua," akasema. "Ulikuwa unaongea na nani?"

"Na fundi. Fundi alipita."

Saumu akatikisa kichwa. "Niliona we tu. Ulikuwa unagonga, unajiuliza, unajijibu. Sitasema kwa muntu. Lakini usikuje tena kwangu, mudogo wangu."

Wiki tatu zikapita. Kisha Alphonse, mwashi mwenzake Bonaventure, akarudi kutoka Lulimba, alikokwenda kumwona ndugu yake anayechimba dhahabu. Alikuja nyumbani jioni, hakukaa. Alisema kwamba kwenye njia ya machimbo alipishana na mtu mfupi mwenye koti la kaki. Nyuma yake alitembea mwanamke mzee, amenyooka, miguu imara, kikapu cha vyuma kichwani. Alphonse alimjua. Alimsalimu kwa jina, na mzee hakugeuza shingo.

"Labda ni kufanana," Florentine akasema.

Alfajiri Bonaventure aliondoka kwenda Lulimba.

Alikaa siku tisa. Aliporudi alikuwa amekonda, miguu imepasuka. Siku mbili nyingine alizimaliza uwanjani. Florentine alipika, akatenga. Chakula kilipoa mezani. Mume alijichomea mihogo mwenyewe uwanjani, akala amempa mgongo. Siku ya tatu, Florentine hakuweza tena kuvumilia.

"Ulimuona?"

"Nilimuona."

"Na... alisema?"

Bonaventure alikuwa anaondoa majivu kwenye muhogo kwa kidole. Aliendelea kuyaondoa.

"Neno moja tu. Nilimushika mukono, nikamuambia, mama, turudi kwetu. Mukono ilikuwa na moto, kama chuma. Hakuniangalia. Aliniuliza kama ulimaliza zile karanga."

Florentine hakuwa amemwambia mtu habari ya karanga. Saumu pia hakuwa amesema. Saumu hakuzungumza na yeyote wa nyumba ile tena.

"Bonaventure, mi sikujua..."

"Ulijua," akasema, bila hasira. "Mama alisema kweli juu yako maisha yake yote. Na mi nilikuwa nakutetea."

Hakumpiga. Hakumfukuza arudi kijijini kwao Bibokoboko, ingawa Florentine alianza kutamani afukuzwe. Aliacha kazi ya Fizi, akabaki nyumbani. Akawa mpole. Alimwuliza kama amelala vizuri. Alimletea kuni. Usiku Florentine aliamka na kumkuta amekaa kitako, anamtazama, kama mtu anayepima ukubwa wa mzigo.

Jumapili iliyofuata kengele ya misa ililia. Florentine alivaa, akafunga kilemba, akatoka nje. Bonaventure alikuwa ameketi uwanjani, kwenye kijiwe kinachotazama barabara. Mapajani alishika meza ndogo aliyoitengeneza mwenyewe walipooana. Mbele ya macho ya Florentine akaushika mguu mmoja wa meza ile, akauvuta, ukavunjika. Akauweka mguu kando, kwa uangalifu.

"Bwana yangu, tuende misa."

"Enda."

"Na we?"

"Mi nangoja. Iko meza ya kutengeneza."

Barabarani watu walipita wakiwa na nguo zao safi. Kila alipotokea mwanamume mfupi kwa mbali, Bonaventure aliinua kichwa, akamtazama miguu, kisha akainamisha tena.

Florentine alisimama pale mpaka kengele ikanyamaza. Alitaka kukimbia, lakini akawaza: fundi akinikuta barabarani, nimekaa, sina kazi mkononi... Akarudi ndani, akavua kilemba. Akachukua ufagio, akafagia uwanja. Ulikuwa safi, aliufagia asubuhi. Akaufagia tena. Akaosha sufuria zilizooshwa, akatwanga mihogo ambayo hakuna atakayeila, akachota maji hadi mitungi ikafurika. Mgongo ulimwaka. Kila mara mumewe alipogeuka kumtazama, aliongeza kasi.

Hakukaa hadi giza lilipoingia. Na hata lilipoingia, hakukaa.