Kengele ya Batri Kule Mususa

Maliro mwenyewe alinisimulia haya wakati wa Noeli iliyopita, kwake Bungulu, mjini Beni, akiwa na macho ya mtu asiyelala. Seva yake ilibaki Butembo, katika nyumba tupu ya familia, mtaani Mususa. Katika seva hiyo alihifadhi sauti ya marehemu baba yake akitaja ukoo, na nakala nyingine haikuwepo. Diski ilikuwa mbovu. Ikizimika ghafla isingewaka tena.

Jioni moja ya Desemba hiyo umeme ulikatika. Maliro, akiwa Beni, aliona kwenye skrini batri ya akiba ikishuka. Akampigia mdogo wake Solange, aliyeishi jirani na nyumba hiyo na kushika ufunguo, akawashe jenereta.

“Kila siku ni miye tu, yaya. Niko ku mulango. Iko inalia,” Solange alimlalamikia mkubwa wake.

Maliro aliisikia kengele ya batri kupitia simu: ti, ti, ti. Kisha ikanyamaza.

“Donc, basi, umeisha kuizima?”

“Niizime na nini? Ufunguo ingali mu mukono. Mu nyumba ni giza.”

Skrini iliandika: kengele imezimwa kwa kitufe.

Solange hakuingia. Batri ikaisha, na sauti ya baba ikapotea.

Maliro na Solange wangali hai. Mama yao Berthe, aliyeishi katika nyumba ile na kuzoea kubonyeza kitufe kile ili sala yake ya rozari isikike, tulikuwa tumemzika tangu mwezi wa tatu mwaka huo.