Sauti ya Mwongoza Njia

Jua lilikuwa linazama nilipotoka kununua uzi mweusi. Niliporudi niliwakuta watatu kwenye kizingiti changu, wamejikunyata kama kuku waliofungiwa nje: Kinyozi, Mwalimu na Fundi Simu. Marafiki wa marehemu binti yangu. Sikuwa nimewaona tangu mazishi, na sikuwa na hamu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kama mmekuja kulia mmechelewa. Matanga yamekwisha."

Mwalimu akainamisha kichwa. Kinyozi, mwanamume mwenye mwili kama kabati, ndiye aliyejibu. "Mama, tumekuja kumaliza mchezo."

Niliujua mchezo wenyewe. Kila Jumamosi walijifungia chumba changu cha nyuma, wakirusha dadu na kupiga kelele. Binti yangu alikuwa msimulizi. Yeye anasema mbele yenu kuna mto, wao wanasema tunavuka, dadu inaamua nani azame. Watu wazima na kazi zao! Jirani alidai ni uchawi. Nikamwambia mchawi gani anacheka namna ile. Huyo binti nilimwita Kasuku, maana alianza kusema kabla hajatambaa, na hakunyamaza mpaka homa ilipomnyamazisha.

"Alipougua tulikuwa katikati ya msitu," Mwalimu akasema. "Hatujatoka, mama. Wote tunaota miti. Mimi naamka na majani mdomoni... haki ya Mungu."

"Sasa mimi nifanyeje? Nimeishia darasa la saba."

"Alituambia msitu ule ni wako. Ulikuwa unamsimulia akiwa mdogo."

Hapo wakanipata. Ni kweli nilimlaza kwa msitu ule, ili anyamaze na mimi nimalize kushona nguo za watu. Nikafungua chumba cha nyuma. Gauni lake lilikuwa bado linaning'inia kwenye msumari. Tukakaa, taa katikati ya meza, na Kinyozi akachukua vifungo vitatu kwenye kopo langu kuwa ndio wao.

"Sheria ni moja tu," Fundi Simu akaniambia. "Msimulizi akisema kitu kipo, kipo."

"Basi nyamazeni nianze."

Nikawaambia miti imesongamana. Nikawaambia ukungu umefika magotini, na njia imegawanyika. Kinyozi akarusha dadu, akapata moja.

"Tumepotea," akasema. Akajaribu kucheka. "Mkono wa kinyozi huu, unajua kupunguza tu."

Chumba kilianza kunuka majani mabichi. Sakafu yangu ni ya saruji, na nje ilikuwa kiangazi, vumbi tupu. Nikavuta pumzi tena. Majani, na udongo uliolowa.

Fundi Simu akasema kwa sauti ndogo, "Tumuulize mwongoza njia. Dada, tupite wapi?"

Nikamsubiri huyo mwongoza njia ajibu. Sikujua ni nani kati yao.

"Kushoto... Shikaneni mikono."

Ilikuwa sauti ya kunong'ona, ya mwanamke. Nikamtazama Mwalimu. Mwalimu naye alikuwa ananitazama mimi, machozi yanamlengalenga.

"Mama, umemuiga vizuri mno."

"Nimemuiga nani?"

"Mwongoza njia. Ni msichana mwenye taa, anatutangulia msituni. Yeye hana mchezaji. Msimulizi ndiye anayemsemea."

"Mimi?" nikasema. "Mimi sijafungua mdomo."

Kinyozi akataka kusimama. Hakuweza. Akaangalia chini ya meza, akatoa sauti kama ya mtoto. Viatu vyake vilikuwa vimezama kwenye tope hadi kwenye vifundo. Tope jeusi, juu ya saruji niliyoipiga deki asubuhi kwa mikono yangu.

"Mama, tutoe," akanong'ona. "Tutoe, mama yangu."

Mtu akikukimbilia na yuko kwenye maji ya shingo humuulizi kwa nini hakujifunza kuogelea. Nikasema, "Wakashikana mikono, wakaenda kushoto." Tope likalia chini ya meza, cho... cho... cho... kama watu wanaotembea, na hao watatu wamekaa tu, meno yanagongana. Kila njia ilipogawanyika nilimuuliza mwongoza njia mwenyewe. Kila mara alijibu. Kulia. Moja kwa moja. Inama, kuna tawi.

Ilikuwa sauti yake. Mimi niliyemzaa nawaambia, ilikuwa yake, na kile kikohozi kidogo kabla ya neno. Niliwazungusha wale maskini njia mbili zisizo na haja ili niisikie tena. Mseme mnavyotaka.

Mwalimu midomo ilipoanza kuwa ya kijivu ndipo nikajizuia.

"Mwisho wa msitu uko wapi?"

"Hapa. Mmefika." Kisha kile kikohozi. "Mama... sema na mimi nimetoka."

Taa ilisinyaa.

"Wewe ndiye msimulizi. Ukisema, imekuwa."

Neno lilikuwa tayari ulimini. Dogo tu. *Akatoka.* Nilimwosha mtoto yule kwa mikono hii, nikamfunga taya kwa kitambaa, nikaona alivyokuwa mzito kwa mtu aliyekonda vile. Nilijua nilichokizika. Na bado neno lilikuwa ulimini, linasukuma meno.

Gauni kwenye msumari likajaa. Polepole. Kwanza mabega.

"Wewe ni nani?" nikauliza.

"Baridi, mama."

"Nimekuuliza wewe ni nani."

"Baridi."

Kasuku wangu ungemuuliza jina angekupa na la babu yake, na ugomvi wa babu yake na mwenye ng'ombe. Huyu alikuwa na neno moja. Au labda wafu huchoka kusema, sijui. Sijawahi kufa.

Nikashika meza kwa mikono miwili.

"Wakatoka watatu," nikasema. "Mwongoza njia akabaki."

Gauni likaanguka kutoka msumarini. Hakulia mtu. Heri angelia.

Kinyozi akainuka na kutoka mbio, viatu ameviacha. Fundi Simu akamfuata bila kuaga. Mwalimu alinibusu mkono, mdomo wake baridi kama chuma, naye akaenda. Sasa wote wanalala vizuri. Kinyozi amenona. Hunisalimia akiwa ng'ambo ya barabara.

Jirani anasema nilimshinda shetani, nifurahi. Ni rahisi kwake, hakusikia kile kikohozi. Kama ni shetani, nimefanya vyema. Kama si shetani, nimemfungia mwanangu nje kwenye ukungu na nguo nyepesi tuliyomzika nayo. Nenda kalale na hilo uone.

Kwa hiyo kila jioni, giza likianza kuingia, nakaa chumba cha nyuma peke yangu na kusema. Nasema msituni kuna kibanda. Nasema kuta zake ni nene, upepo hauingii. Nasema kuna moto, na uji kwenye sufuria, na blanketi la sufi, lile la kwangu. Nasema mwongoza njia yumo ndani, amekaa, miguu yake imekauka.

Mlango sijautaja.

Jana nilipomaliza nikasikia mtu akipapasa ukuta wa kibanda kwa ndani. Polepole, kiganja juu ya udongo. Akafika kona, akaendelea. Akazunguka kibanda kizima, akaanza upya. Hakuniita.

Nikamwongezea kuni, nikazima taa, nikaenda kulala.