Harufu ya Kuungua

Mwaka ule mitumba ilipoanza kufurika sokoni Tukuyu, jioni moja Tulia aliingia migombani kukata majani ya kufunikia chungu. Alikuwa amechuma chai tangu alfajiri. Miguu kama ya kuazima. Ukungu wa Rungwe ulishashuka.

Kikohozi...

Akamjua. Kwa Wanyakyusa wa zamani mkamwana haonani na baba mkwe. Miaka kumi na mmoja, mkwewe Mzee Andongwisye akikohoa, Tulia hujifunika kanga na kuchepuka. Akachuchumaa, akajifunika, akangoja apite.

Hakupita.

Harufu ya mkojo ikasogea. Vidole vya baridi vikaifunua kanga. Mzee wa kanisa yule, mpole kijiji kizima cha Ibighi, amevaa koti tu, chini hana kitu. Anatabasamu.

"Tulia," akanong'ona. Jina lake, kinywani mwa mkwe! "Unaunguza."

Jiko lilikuwa halijawashwa.

Basi umbea ukapata mwenyewe. Mzee akatukana ibadani, akacheka misibani, akadokoa vyungu vya watu akidai vinaungua. Mama mkwe, Ikupa, akatangaza kuwa mkamwana amemtilia mzee kitu tumboni. Akifa apasuliwe, kikionekana, Tulia arudi kwao, watoto wabaki.

Tulia alichoka hata kuogopa.

Mzee akafa masika. Daktari akapasua tumbo, kama wazee wa zamani walivyofanya wakimtafuta mchawi.

Hamna kitu.

Akapasua na kichwa. Nyuma ya paji la uso, uvimbe kama yai la kuku.

"Hapa ndipo mtu anapojizuia," daktari akamwambia Ikupa. "Uvimbe ulipabana. Hata zile harufu zisizokuwepo, ni huo huo. Hakurogwa, mama."

Kesho yake Ikupa akamwekea Tulia mkungu wa ndizi mlangoni, akaondoka. Kwa Ikupa, hiyo ndiyo samahani.

Tulia akadhani sasa atapumzika.

Siku ya tatu, magharibi, alikuwa akimenya ndizi hizo hizo. Jiko la baridi, kuni bado nje. Mumewe Ambwene, mpole kama babake, akasimama mlangoni. Akavuta hewa puani. Mara moja. Mara mbili...

Akatabasamu.

"Mama Sia," akamnong'oneza mkewe, "unaunguza."

Ng'ambo ya ua, Ikupa aliinua kichwa, akawatazama.

Tulia akainuka polepole. Akaleta kuni, akawasha moto, akatupa ndizi mbili juu ya makaa.

Ili kiwepo kitu cha kuungua.