Kidole Kwenye Joho la Kijani

"Hawa wote fanya unavyopenda," Murtadha alisema, akisukuma boksi la viatu juu ya meza. "Ila huyu wa joho la kijani usimguse."

Hafsa akachungulia. Ndani mlikuwa na mashujaa wa plastiki kumi na kitu, kila mmoja hazidi urefu wa kidole: wenye vinyago, wenye mabawa, mmoja anarusha radi kwa mkono. Ndio waliokuwa wakipiganishwa kila Jumapili, kwa dadu na kelele nyingi, kwenye chumba cha nyuma cha duka la vitambaa la kina Murtadha, mjini Tabora. Hafsa, binti wa fundi wa kuandika vibao vya maduka, ndiye aliyekuwa akiwapaka rangi upya. Ilianza kama kazi, akaishia kuchumbiwa.

Yule wa joho la kijani alikuwa amepakwa vibaya mno. Rangi nene, macho yamekwenda upande, na mgongoni mtu alikuwa amebonyeza dole gumba rangi ikiwa bado mbichi.

"Nani kampaka hivi?" Hafsa aliuliza akicheka.

Murtadha hakucheka.

"Mtu wangu. Ipo siku nitakueleza."

"Mtu wako nani?"

"Hafsa, nimesema ipo siku."

Siku hiyohiyo Hafsa akamwandikia shoga yake Advera, na Advera si mtu wa kukaa na neno. Jibu likaja kabla chai haijapoa:

"Shoga si Taghreed huyo! Binamu yake aliyeenda Maskati. Watu walijua wataoana. Kutwa walikuwa wote kwenye hayo masanamu yao."

Wivu ukamkaa Hafsa rohoni. Mtu mwenye akili angemuuliza mchumba wake mara ya pili. Hafsa akili alikuwa nazo, ila siku ile aliziweka kando. Kwanza akapiga picha, maana kila kazi huipiga picha kabla ya kuianza, hata kazi mbaya. Kisha akamtumbukiza shujaa kwenye kikombe cha spiriti. Asubuhi akamsugua kwa mswaki. Joho, macho, dole gumba, vyote vikatoka, ikabaki plastiki tupu ya kijivu. Alijisikia vizuri mpaka mchana.

Mchana akaja Bi Masika, shangazi yake Murtadha, kuzungumza na mama yake Hafsa habari za nikahi. Alipoiona meza ya rangi akacheka peke yake.

"Marehemu wifi yangu alikuwa akimgombeza Murtadha kila siku. Sanamu ndani ya nyumba, malaika wataingilia wapi? Halafu maradhi yalipomlaza akaomba brashi mwenyewe, ili akae na mwanawe. Alipaka mmoja tu. Mkono unatetemeka, kidole kikamteleza mgongoni mwa yule mdoli. Maradhi yale ndiyo yaliyomchukua. Mpaka leo Murtadha hamtaji mamake, mwanangu. Usimlazimishe."

"Alipaka rangi gani, shangazi?" Hafsa aliuliza, na jibu alikuwa nalo.

"Kijani. Alipenda sana kijani."

Angesema siku ile. Alishika simu, akafika hadi kwenye jina la Murtadha, kidole kikagoma. Badala yake akaifungua ile picha. Tangu utotoni Hafsa aliweza kuiga mwandiko wa yeyote; baba yake alikuwa akimtambia kwa wateja. Akapaka kwa mkono wa kushoto ili brashi itetemeke. Akapaka rangi nene, akayapeleka macho upande. Lilipofika suala la dole gumba, akabonyeza la kwake, akalizungusha kidogo lipanuke.

Murtadha alipokuja kuchukua boksi aliwasifu wote. Yule wa kijani akampapasa mgongoni, akamtia mfukoni. Hakuona kitu. Hafsa akamshukuru Mungu, na kwa kweli hapo hapakuwa pahali pa kumshukuru Mungu.

Tangu hapo kila alipokuja kwa kina Hafsa alikuwa naye. Anazungumza huku dole lake liko mgongoni mwa shujaa, taratibu, kama mtu avutaye tasbihi. Hafsa anamtazama, anamimina chai. Ramadhani ikaja, ikapita. Nguo zikashonwa, mchele ukafika kutoka Igunga. Ilibaki wiki moja nikahi ifungwe Murtadha alipokaa barazani na kumtoa yule shujaa mfukoni.

"Leo nataka nikueleze. Aliyempaka huyu ni mama."

Akamweleza yote. Hafsa hakuthubutu kumwangalia.

"Hili hapa dole lake. Nikiweka langu juu yake naona kama bado amenishika mkono. Nimemleta umtunze wewe, kwa kuwa sasa ni wako pia."

Hafsa alikuwa na nafasi ya kumpokea na kusema Mungu amrehemu. Hapana mtu ambaye angejua. Angeolewa wiki iliyofuata, akakaa na Murtadha mpaka wazeeke.

"Murtadha, hilo dole ni langu."

Akatabasamu, hajaelewa. Hafsa akasema yote: Advera, Taghreed, spiriti, picha, mkono wa kushoto. Tabasamu likamtoka Murtadha kidogo kidogo.

"Lini?"

"Kabla ya Ramadhani."

"Na siku zote hizi ulikuwa ukiniona nikimshika."

"Nilikuona."

"Ungenirudishia plastiki tupu ningelia, na ningekusamehe siku ileile. Wewe umenipa mama wa kuigiza, ukakaa ukanitazama nikimpenda."

Akamweka shujaa juu ya mkeka, akavaa viatu, akaondoka bila kuaga. Kesho yake wazee wa kwao wakaja, kwa adabu, kusema posa imerudi. Mama yake Hafsa alipombana, Hafsa alisema kosa ni lake, na zaidi ya hapo hakuna alichopata kumwambia.

Alituma ujumbe mwingi. "Nisamehe." "Niite tu tuzungumze." "Najuta, Murtadha." Haukujibiwa hata mmoja. Baada ya Idi Kubwa akajikaza, akaenda dukani mwenyewe mchana kweupe. Murtadha alikuwa akikunja kitambaa.

"Nimekusamehe, Hafsa," alisema kabla hajaulizwa. "Nimekusamehe kweli."

Hafsa akamsogelea.

"Basi turudi kwa wazee."

"Nisikilize kwanza. Mkono wako ndio niliokuwa nikiupenda kuliko chochote. Sasa ukinishika bega nitajiuliza huu ni wako, au unamwiga nani. Siwezi kukuoa nikiwa hivyo."

Hafsa akalia palepale, mbele ya majora ya vitambaa. Murtadha naye machozi yalimjaa.

"Nami nina kosa langu," alisema. "Uliniuliza ni nani. Ningesema 'mama', leo ungekuwa kwangu. Neno moja tu, Hafsa. Sikuweza kulitamka."

"Lingetosha," Hafsa alisema.

"Najua."

Mteja akaingia akiuliza shifoni nyeupe ya harusi. Murtadha akajifuta macho, akachukua mkasi, na Hafsa akampisha mteja apite.