Kigari cha Mwalimu Cicily

Stoo ya kanisa ilikuwa wazi, kufuli limening'inia kwenye komeo, na kigari cha umeme hakimo.

Inspekta Makandi wa kituo cha polisi cha Runyenjes alichutama kizingitini. Kigari kile cha magurudumu manne kilikuwa cha Cicily Igoki, mwalimu mstaafu aliyepooza miguu. Muuzaji wa Embu alikitoa kwa arbuni tu. Salio lingechangwa kwenye harambee ya kesho. Kisipopatikana, arbuni imepotea na mwalimu atabaki ndani ya nyumba.

"Mwizi gani huyu asiye na haya?" alifoka Mzee Ndambiri, mwenyekiti wa kamati ya harambee.

Makandi alimgeukia Kithaka, mlinzi wa kanisa.

"Uliona nini?"

"Watu wawili, madam. Walikisukuma mpaka kwa barabara."

"Saa ngapi?"

"Alfajiri. Mvua ilikuwa imeisha."

"Uliwaona wakisukuma?"

"Kwa haya macho yangu."

Makandi aliutazama udongo mwekundu. Alama za magurudumu zilipita wazi hadi langoni. Kati ya alama hizo hapakuwa na unyayo hata mmoja.

"Kithaka, hao watu wako walikuwa na miguu?"

Mlinzi alitia mkono mfukoni, funguo zikalia.

"Kufuli halikuvunjwa. Ufunguo unao wewe. Na kigari kilitoka kimekaliwa. Nani alikiendesha?"

"Ni mimi," alisema polepole. "Lakini sikuiba. Mwalimu mwenyewe alinituma. Yeye ndiye alinifunza kusoma, madam. Ningemkatalia aje?"

Alama ziliwafikisha wote watatu shambani kwa Cicily. Walimkuta amekaa kitako juu ya kigari, wima kabisa, mikungu miwili ya ndizi imefungwa nyuma yake kwa kamba.

"Mwalimu, hii imeripotiwa kama wizi," Makandi alisema.

"Basi kosa ni langu. Kithaka asifutwe kazi."

"Kwa nini umefanya hivi?"

"Uliza mwenyekiti. Nilimwambia ndizi zangu zinadiwe kwa harambee, akakataa."

"Anayechangiwa hachangi," Ndambiri alijitetea. "Haijawahi kuonekana."

"Miaka thelathini na moja nimechangia karo za watu hapa, hospitali, matanga. Kesho utasoma jina la kila mtu, hata aliyeleta kuku mmoja. Mimi nikae mbele nihurumiwe tu? Nilitaka kufika na mzigo wangu, nikiendesha kigari mwenyewe. Kama ni kesi, nifungulie."

Makandi alikuwa amehoji washukiwa wengi. Hakuna aliyewahi kukiri akiwa ameinua kichwa namna ile, na alimwonea fahari kana kwamba ni mama yake mzazi.

"Mlalamishi, unaendelea na kesi?"

Ndambiri alivua kofia. "Hapana, madam. Nimekosea mimi."

Jumapili, jina la kwanza kusomwa lilikuwa la Cicily Igoki, mikungu miwili. Aliendesha kigari taratibu hadi mezani, watu wakampisha. Mnadi hata hajafungua mdomo, Inspekta Makandi alikuwa ameshainua mkono.