Mitaa Iliyoachwa Nje ya Jedwali

Kazini, karani wa chanjo alisifiwa kwa usafi wa majedwali yake. Kila faili lilipofika, alilifungua kwenye programu ya majedwali, akalipaka rangi, akalihifadhi papo hapo. Mumewe, fundi cherehani, alisema siku moja atapakwa rangi hata yeye.

Jumamosi asubuhi karani alileta kazi nyumbani. Alitakiwa kutoa orodha ya watoto wa mkoa mzima waliokosa dozi ya pili ya surua. Saa nane mchana magari yangepakia chanjo kwa kufuata orodha hiyo. Mtaa usiokuwemo usingepata hata chupa moja.

Wifi yake, dada wa fundi, alipita kusalimia. Alifanya kazi ofisi ya takwimu, na mdomo wake haukuwa na breki.

"Mtaa wetu una watoto wangapi humo?" aliuliza.

Karani alitafuta. Akatafuta tena. "Haupo."

"Haupo? Kwa hiyo mimi natokea hewani?"

Fundi alicheka mpaka cherehani ikasimama. Wifi alivuta kiti.

"Ulipolifungua faili, kompyuta haikusema kitu?"

"Ilisema. Nikabonyeza sawa."

"Ilisema nini?"

"Wifi na wewe! Nani anasoma yale maneno?"

"Ilikuambia faili halikuingia lote. Jedwali lina mwisho wake, mistari milioni moja na kidogo. Inayozidi inaachwa nje. Halafu wewe ukahifadhi palepale, ukaifuta kabisa."

Karani aliinuka ghafla kitini. Aliogopa, na hakuficha. "Nimepoteza watoto wa watu!"

"Hebu tulia. Barua pepe iliyoleta faili ipo?"

Ilikuwapo. Wakalipakua upya.

"Hili la asili haliguswi," wifi alisema. "Tunatumia nakala. Na kabla ya lolote, tunahesabu mistari."

Ilikuwa milioni moja na laki mbili. Karani alishika kichwa.

Wifi aliiingiza nakala kwenye programu ya kutunza taarifa nyingi, iitwayo hifadhidata. "Hii ni kama ghala lenye mtunzaji. Humwambii akumwagie magunia yote sebuleni. Unamtajia unachotaka, anakuletea hicho tu. Haya, uliza mwenyewe."

Karani aliandika polepole: watoto wasio na dozi ya pili, mtaa kwa mtaa. Jibu lilikuja kabla hajakaa vizuri. Akalilinganisha na jedwali lake: mitaa kumi na moja ilikuwa imeachwa nje, yenye watoto mia tisa na wanne. Alimpigia simu mtunza chanjo mbio mbio. Orodha mpya ikafika saa saba na nusu.

Kisha akafungua majina ya mtaa wa wifi yake, watoto thelathini tu, akaanza kuyasoma kwa sauti. Kwenye jina la saba akaweka kidole.

"Mbona umeishia hapo?" wifi aliuliza.

"Kitinda mimba wako yumo."

Wifi aliinama kwenye kioo cha kompyuta. Akalisoma jina mara mbili. "Nilidhani alimaliza," alisema. "Haki ya Mungu, nilidhani alimaliza."

Jumatatu chanjo zilifika mtaani kwao. Karani alikwenda kumsindikiza wifi yake na mtoto. Mtoto alipochomwa sindano alilia kidogo tu. Mama yake alilia zaidi, na karani, aliyekuwa na utani mwingi wa kulipa, alimshikia mkoba.