Televisheni ya Milango Miwili

"Punguza sauti ya hilo debe lako, ama nimpigie mwenye nyumba," Everlyn alisema, mkono kiunoni, sare ya hoteli bado mwilini.

"Mpigie," Rafiq akajibu kutoka kizingitini, amevaa kikoi na fulana nyeupe, upawa mkononi. "Mwambie pia ni nani aliyegonga ukuta wangu kwa ufagio Ijumaa iliyopita."

"Ni mimi. Na leo nitaugonga tena."

Korido nzima ya ghorofa ya tatu, hapo Karama, huku ughaibuni, ilitega sikio. Nyuma ya Rafiq, televisheni ya kale, ile ya kabati la mbao lenye milango miwili na kitambaa cha kufuma juu, ilichezesha kanda ya vichekesho vya enzi za stesheni moja, wakati matangazo yakianza jioni kwa wimbo wa taifa na kipindi kikikupita kimekupita. Ndani, Wakenya kumi na wawili waliangua kicheko. Kicheko hicho ndicho kilichomchoma Everlyn.

Miezi mitatu nyuma mambo yalikuwa matamu. Walikutana nje ya stesheni ya metro, bila kujua kwamba wanapakana ukuta. Rafiq, muuza vipuri vya magari huko Ras Al Khor, alikuwa akisukuma televisheni hiyo kwa toroli, gurudumu likachomoka katikati ya watu. Everlyn akashika upande wa pili bila kuombwa. Njia nzima walikumbushana jinsi utotoni, kila mtu kwao, mmoja alivyopanda paani kuzungusha antena na mwingine kupiga kelele ndani, hapo hapo, usiguse. Zikafuata simu kila mapumziko ya chai, umekula mpenzi, nimekula lakini si kwa mkono wako. Kisha zikaanza Ijumaa za kutazama kanda kwa Rafiq, na simu zikanyamaza.

"Kama ni kelele tu, Eva, mbona umekuja umejipulizia manukato?"

Majirani wakaguna. Everlyn alitafuta tusi, yakatoka maneno mengine kabisa.

"Nikiwa mtoto Nakuru, nilitazama televisheni dirishani kwa jirani mpaka mwenyewe avute pazia. Niliapa sitasimama tena nje kwa mtu. Ijumaa nane umeita jengo zima. Mimi hujaniita."

"Sijamwita hata mmoja." Sauti ya Rafiq ilikuwa kali bado. "Kwetu Mombasa baba akifungua kabati la televisheni hufungua na mlango wa nyumba, mtaa unaingia. Anayealikwa ni mgeni. Wewe si mgeni, nikualike kwa lipi? Kila Ijumaa natazama viatu hapa mlangoni, vyako havipo. Nikasema basi, huyu anaona haya kuonekana na mimi."

"Kwetu mtu haingii mpaka aambiwe."

"Miezi yote hii ukanuna kwa hilo?"

"Na wewe ukaninunia kwa viatu. Khalas, yameisha, kaa na debe lako."

Akageuka. Alikuwa ameshika kitasa cha mlango wake aliposikia televisheni ikizimwa, na watu ndani wakilalamika kwamba kipindi kimefika patamu. Rafiq akatoka hadi katikati ya korido, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka ngazini:

"Everlyn, karibu ndani. Nafasi yako ni pale mbele, karibu na kioo. Vua viatu uingie ule, pilau inapoa."